Nimeuchachusha Mtambo wa Mume Wangu

Mpendwa mshauri, naomba msaada kabla ya Jumamosi, maana siku hiyo fundi anakuja kubomoa mtambo wetu wa gesi ya samadi, na ni mimi peke yangu ninayejua kwamba mtambo hauna kosa. Mume wangu alipoujenga nyuma ya zizi moto ulikuwa hafifu, maji ya chai hayachemki mpaka mtu anasahau kiu yake, na mama mkwe akawa anapita jikoni akisema, "Mwanangu kajenga kiberiti kikubwa," nami nikamwonea huruma mume wangu. Nafanya kazi kwenye kiwanda kidogo cha jibini, na yale maji yanayobaki maziwa yakishaganda humwagwa tu, basi nikawa narudi na ndoo moja kila jioni, nachanganya na samadi kimyakimya, na baada ya majuma machache moto ukasimama, wa buluu, sufuria zinaimba. Nilitaka kumwambia, lakini akaanza kuwaeleza majirani kwamba siri ni ukorogaji wake, mara saba kulia, mara tatu kushoto, na kuwasalimia ng'ombe kwa heshima kila asubuhi, watu wakamwita Mhandisi, hata mama yake, nami nikawa nainamia karai nicheke. Kumbe mdomo ulimponza, kwani mbele ya dada zake aliniambia nisiuguse mtambo, "mambo haya yanataka akili." Kesho yake nilimimina pipa zima la maji yale ya jibini. Moto umekufa, anakoroga hadi viganja vimechubuka, na jana nilimkuta anamwomba ng'ombe msamaha. Nikiungama nitaachwa? Nikinyamaza tutabomoa.

Mke wa Mhandisi

Mke wa Mhandisi,

Pole, na acha kucheka. Mumeo alikukosea adabu, lakini tangi lilikutukana lini? Humo ndani kuna vijidudu vinavyokula samadi na kutoa gesi. Ndoo moja ilikuwa kitoweo. Pipa zima limevichachusha tumbo. Na ng'ombe wa watu anaombwa msamaha kwa kosa lako.

Mketishe mumeo leo, mkiwa wawili tu, mama mkwe asiwepo. Anza na ndoo, ndipo uje kwenye pipa, na lile neno la "akili" mwambie lilikuuma. Hakuachi mtu kwa sababu ya maji ya jibini. Atanuna siku mbili, mvumilie.

Tangi lisilishwe wiki nzima. Kisha tieni samadi mbichi na maji safi, kidogo kidogo. Likizidi kuchacha, koroga chokaa kidogo kwenye maji umimine, na usiongeze kabla ya kupima uchachu wake. Moto ukirudi, anza na nusu ndoo ya maji ya jibini, upandishe polepole. Kiberiti kikae mbali, na mtu asiingie ndani ya tangi kwa sababu yoyote.

Kukoroga kunasaidia kweli, hilo mpe. Ila vijidudu havijui kuhesabu hadi saba.

Sasa weka gazeti chini, umpigie fundi asije.