Shanga Nyekundu za Wilaya ya Karel

Xiaobei, Guangzhou
Msimu wa kuta kutoa jasho

Dada yangu Mwajuma,

Shikamoo, na uiitikie kwa sauti, maana anayekuamkia leo si mtu mdogo. Nyota yangu imepanda. Huyu Selemani wako, aliyeishia darasa la sita kwa kukimbia fimbo za jiografia, sasa ni wakala wa shanga za wilaya nzima ya Ulaya, kwa Afrika Mashariki yote. Wilaya, dada, si duka. Inaitwa Jablonec, iko nchi ya Wacheki, na zile katoni mbili nilizompa Mama Tunu apakie kwenye kontena lake akuletee zimetoka huko huko. Ukiona alama nyekundu za vidole kwenye karatasi hii usishtuke. Ni hina ya utajiri.

Hali yako lakini? Mguu wa Mama umepungua uvimbe? Shemeji bado anagombana na nyani kwenye migomba? Mimi ni mzima, ila hewa ya hapa msimu huu siipendi. Mvua hainyeshi wala haiachi, kuta zinatoa jasho kama mgonjwa wa homa. Shati ulilofua Jumatatu, Ijumaa bado linanuka kisima. Bangkok nilikoanzia biashara sikuyaona haya, kabla pesa zao hazijaanguka tukahamia huku.

Sasa nikueleze hiyo wilaya, kwa sababu wateja wako watakuuliza. Habari zake nimezipata kwa mwenyewe, mzee mmoja wa huko anayeitwa Karel, mtengeneza shanga, baba yake mtengeneza shanga, babu yake vilevile. Nilimkuta kwenye mgahawa wa Waislamu pale barabara ya Huanshi, anaulizia Mwafrika yeyote mwenye biashara ya shanga. Nikamwambia umefika mzee, Afrika ndiyo mimi. Akacheka. Ana meno mabovu na kicheko kizuri.

Akanichorea wilaya yake mezani kwa vyombo. Wali uliobaki aliukusanya kwenye sinia ukawa milima, na weupe wake ndiyo theluji. Kijiti cha kulia chakula akakilaza chini yake, ndio mto Nisa. Vijiti vya kuchokolea meno akavichomeka juu vyote, msitu.

"Kulima kwetu ni taabu," akasema. "Mawe na baridi. Lakini kuni tulikuwa nazo, na maji ya kuzungusha mashine, na mawe ya kuyeyusha yawe kioo."

Basi wakayeyusha. Kijiji hiki kinavuta fimbo za kioo, kile kinazikata, cha ng'ambo kinasugua, na wanawake wakati wa theluji wanakaa majumbani mwao wakitunga mashada. Hebu fikiria, mwanamke yuko jikoni, nje barafu, anatunga shanga zitakazovaliwa na Mmasai wa Mto wa Mbu, na Mmasai hajawahi kumwona. Nikamwambia Karel kwamba dada yangu ameshika ncha ya pili ya uzi huo huo. Neno hilo alilipenda sana, akanitaka nilitamke tena.

Kisha akaanza kuving'oa vile vijiti vya meno, kimoja kimoja. Moshi wa makaa ya mawe, akasema, ulitoka kwenye mitambo ya umeme, mvua ikageuka sumu, na msitu wa juu milimani ukafa umesimama. Akamwagia wali supu kidogo. Enzi za babu yake bwawa la huko juu lilipasuka, likazoa viwanda vya vioo na watu wake.

"Na bado tulibaki," akasema. "Maji yalipita, vita vikapita, tukabaki. Sasa matanuri yanazimwa na hakuna kishindo. Oda za Afrika zimekoma tu."

"Zimekoma kwa nini?"

"Ndiyo nimekuja kutazama."

Mimi na mdomo wangu, nikajitolea kumtembeza. Nikampeleka nyuma ya soko la Zhanxi, stoo ya laoban ninayeshirikiana naye. Laoban ndiyo tajiri kwa lugha yao, na huyu ni mama mfupi mwenye sauti ya tarumbeta. Nilidhani nawakutanisha watu wa kazi moja wanywe chai. Hapa kila kitu kina lebo ya kwingine, dada. Viatu vya Italia vinashonwa ghorofa ya pili, na kwangu mimi lebo ilikuwa pambo tu, kama utepe kwenye zawadi. Shanga ni shanga, nilijiambia.

Laoban akatupa shada jekundu mezani. Lebo yake ina jina la wilaya ya Karel, na milima imechorwa na theluji yake. Karel aliitazama kitambo, hakuigusa. Alichomoa ushanga mmoja akautia mdomoni.

Unamjua Koko Nasiyeku, yule bibi wa Kimasai, anavyonunua kwako. Anaumung'unya ushanga, unagonga meno mnavyovutana bei, na hatoi jibu mpaka autoe autazame tena. Miaka yote nilimtania kwamba anatafuta pipi. Sasa mzee wa theluji anafanya vilevile mbele yangu, na hawajawahi kuonana.

"Ana njaa huyu?" laoban akaniuliza. "Mwambie pipi ziko duka la jirani."

Karel akatema kiganjani. Mate mekundu. Ushanga wenyewe ulikuwa mweupe kama jino la mtoto.

"Huu umepakwa," akasema taratibu. "Wetu rangi imeyeyuka na kioo chenyewe. Uvunje, ndani ni mwekundu." Kisha akamgeukia laoban, mimi nikitafsiri. "Zinakwenda wapi?"

"Feizhou," laoban akajibu, yaani Afrika, akayaonyesha magunia yaliyofika darini. "Tanzania imeshaondoka. Wewe unataka ngapi, rafiki?"

Hakugombana. Hilo ndilo lililonitisha, maana nilishajiandaa kuamua ugomvi. Alitazama chini tu, nami nikatazama. Jasho la ukuta lilikuwa limeteremka kwenye magunia, na sakafu yote mpaka mlangoni ilikuwa nyekundu kama machinjioni. Tulikuwa tumesimama ndani yake. Kila siku nilipita pale nikidhani ni uchafu wa msimu.

Nje akanipa mkono. "Yule dada yako," akasema, "atawavalisha watu hizi?"

Akaelekea upande wa stesheni, na viatu vyake vikaacha alama nyekundu mpaka konani.

Dada, najua sherehe ya kunyoa morani imekaribia, na akina mama wote watakuja mezani kwako kutafuta nyekundu mpya. Watacheza juani, watatoka jasho, na rangi itawachuruzika shingoni mbele ya watoto wao, siku ambayo hairudi. Koko hatakutukana. Atawaambia wenzake neno moja tu, na meza uliyoisimamisha tangu Baba alipofariki itabaki na inzi. Barua hii nampa jamaa anayepanda ndege, itaitangulia meli Mungu akipenda. Katoni zikifika usizifungue. Kama umefungua, usitunge. Kama umeuza, mfuate mnunuzi hata akiwa Engaruka, umrudishie chake, useme kosa ni la mdogo wako wa China. Usiniokoe.

Mbusu Mama mguu ule unaouma. Shemeji mwambie nyani na wao wana watoto. Msalimie shangazi muuza ndizi nyekundu, na mwanao wa mwisho mwambie mjomba hajasahau kiatu kinachowaka taa. Koko Nasiyeku mwamkie kwa heshima, na umwambie sitamtania tena.

Na ule uwakala niliokutajia mwanzo ni uongo. Karel hakunipa hata kadi. Mimi nafunga mashada kwenye stoo ya laoban, na lebo za katoni zako nilizibandika mwenyewe, kwa vidole hivi hivi unavyoviona kwenye karatasi.

Mdogo wako,
Selemani