Mate ya Shemeji Katika Kichupa cha Mume Wangu

Mshauri wangu mpendwa, pokea salamu zangu, natumaini u mzima na wa nyumbani kwako hawajambo. Mimi mwili hauna neno, ila nina hasira hata sala inanikwama.

Mume wangu ni fundi viatu, anatafuna tumbaku, na shavuni ana kidonda kisichopona anachodai ni cha misumari anayoibana mdomoni akiwa kazini, basi nikamkokota hospitali, wakampa kichupa ateme mate asubuhi kabla ya kula, wayapime kama yana dalili za kansa ya kinywa, naye kwa woga akakipeleka kibandani kwa mdogo wake wanayeshona pamoja, akamwambia, "Temea hapa bwana, wewe tumbaku huijui, mdomo wako kama wa kichanga," na shemeji akatema huku anacheka. Muuguzi akanipigia simu: mate yana dalili, mzee aje haraka. Nikalia, nikafunga, nikawaita wenzangu wa maombi, yeye ananitazama tu, mpaka nilipopiga magoti mbele yake ndipo akasema, "Inuka mama, mate yenyewe si yangu." Alisema kwa raha, mshauri. Nikamuuliza, na mwenye mate je? "Ukimwambia utamuua kwa hofu. Halafu mimi nitaonekana mtu gani?" Ameniapisha kwa jina la Mungu. Jana shemeji kaja kwetu, analalamika chai inamchoma ulimi, kaka yake kainamia sahani. Nifanyeje? Nakuomba unijibu upesi.

Mke wa fundi

JIBU

Dada yangu, pole, na hasira yako ni ya haki, lakini umekosea njia: badala ya kwenda kwa shemeji umekuja kwangu. Kiapo cha kumficha mtu ugonjwa wake hakikufungi. Omba toba kama moyo unakusuta, kisha useme.

Mwite shemeji leo. Mumeo amwambie kwa kinywa chake. Akijiumauma, sema wewe, yeye akiwepo. Mwelezeni kwamba dalili kwenye mate si hukumu. Daktari atamwangalia, pengine atakata kinyama kidogo kipimwe, ndipo ijulikane, na kansa ikiwahiwa hutibika vizuri zaidi. Muuguzi naye aambiwe ukweli, maana anamtafuta mtu siye.

Na huyo anayejiona kaponea chupuchupu hajapimwa chochote. Apelekwe na kidonda chake, ateme mate yake mwenyewe, muuguzi akimtazama.

Kesho asubuhi waende wote wawili, na wewe uwe nao. Mkishaonana na daktari, niandikie upesi.