Nyuzi za Miaka Tisa

Jumatatu, 3 Agosti 1992

Nimetoka mashineni saa kumi, pumba za mpunga mpaka kwenye nyusi. Nimeoga, nimekula, nimelitoa gitaa. Nusu saa ya kupasha vidole, kama kila siku. Kisha mazoezi ya bendi, uani kwenye nyumba ya wageni.

Kassimu alikuwa amefika kabla yangu. Mwezi wa pili huu tangu aje Ikwiriri na besi lake kutoka Dar. Mzee Pazi, kiongozi wetu, kamgawia nusu ya nyimbo zangu. Zile za kuchangamka zote. Nyuzi zake mpya, nyembamba, zinalia kama kijiko kwenye glasi. Akipiga, watu wanageuka kumtazama. Mimi napiga besi kwenye bendi hii tangu 1983 na hakuna aliyewahi kunigeukia.

Jumatano, 5 Agosti

Mzee Pazi katangaza. Mwisho wa mwezi bendi inakwenda Dar kurekodi redioni. Mpiga besi mmoja tu. Ataamua kwenye harusi ya Kibiti, Jumamosi ya wiki ijayo.

Hakunitazama wakati anasema. Nimeliona hilo.

Sijawahi kurekodi. Mkono wangu haujasikika nje ya wilaya hii. Nina miaka arobaini na moja. Hii ikinipita, basi tena.

Ijumaa, 7 Agosti

Nimerudi kutoka msikitini nikamkuta mke wangu Tatu anapepeta mchele huku anaimba. Haimbi maneno. Anaimba besi. Besi la Kassimu, ule mruko wake wa wimbo wa mwisho. Nimemuuliza anaimba nini. Kasema hajui, limemkaa tu kichwani.

Miaka kumi na tano ya ndoa. La kwangu halijamkaa hata siku moja.

Wivu unaniwasha. Naandika hivyo hivyo, hakuna wa kusoma.

Kosa ni la nyuzi. Zangu ni zile zile nilizonunua nalo gitaa: nene, bapa, nyeusi kwa jasho. Wenzangu nyuzi zikififia sauti wanazichemsha kwenye sufuria, zinatoka kama mpya. Mimi sijawahi kuzichemsha. Wananicheka kwamba nafuga uchafu. Leo nimeona wana haki.

Jumatatu, 10 Agosti

Dar. Nimeomba ruhusa mashineni nikasema nakwenda msibani. Mungu anisamehe.

Duka la Kariakoo limeniacha mdomo wazi. Zamani seti moja uliisubiri mwaka mzima, tena umwombe mtu mwenye ndugu baharia. Sasa zimetundikwa ukutani kama kanga, chagua mwenyewe. Muuzaji ni mzee mpole. Kaniuliza gitaa langu lilizoea nyuzi gani, napiga kwa nguvu au kwa kugusa, na muziki gani. Nikamwambia nene, bapa; kwa nguvu; dansi. Kaniwekea boksi mezani.

"Chukua hizi, ndugu yangu. Gitaa lako limeshazoea mvuto wa nyuzi nene."

Alikuwa sahihi, nami nilijua. Lakini macho yalikuwa yameshaziona zile nyembamba. Za Kassimu hasa, karatasi ile ile. Nikanyoosha kidole. Mzee kasema haya, mwenye gitaa ni wewe.

Jumanne, 11 Agosti

Nimezifunga. Zinang'aa. Nimezipiga kidogo tu, bila spika, na Tatu kageuka kunitazama! Nimefurahi kama mtoto siku ya Idi.

Kassimu kapita kunijulia hali. Kaziona zile za zamani, zimejikunja kwenye ungo.

"Kaka Saidi, unazitupa? Naziomba basi."

Nimemwambia achukue, akaanikie nguo. Nimecheka sana. Yeye hakucheka. Kazikunja taratibu, kazifunga kwenye leso.

Alhamisi, 13 Agosti

Balaa. Shingo ya gitaa ilizoea kuvutwa na nyuzi nene. Hizi hazina nguvu hiyo, shingo imerudi nyuma, na sasa nyuzi zinagonga vyuma vya shingoni. Kila noti inavuma kama ina nzi ndani. Nikipiga taratibu, nzi. Nikipiga kwa nguvu, nzi wengi zaidi. Kuna skrubu ya kunyooshea shingo, ufunguo wake sijawahi kuwa nao. Nimechomeka kipande cha boksi la kiberiti chini ya nyuzi. Afadhali kidogo.

Nimetoka kwenda kwa Kassimu kuzidai zangu. Nimefika karibu na stendi, nikarudi. Ningemwambia nini?

Jumamosi, 15 Agosti

Kibiti. Harusi ya alasiri, turubai, watu tele. Nimeanza mimi. Wimbo wa kwanza tu nzi wakajaa kwenye spika. Mpiga solo kanikazia macho. Waliokuwa wanacheza wakarudi vitini mmoja mmoja. Baada ya nyimbo nne Mzee Pazi kamwita Kassimu.

Nimeisikia kabla sijakaa. Ile sauti. Nzito, ya mviringo, inaingia tumboni bila kelele. Nyuzi zangu, ziko kwenye gitaa lake.

Watu wakainuka. Mama wa bibi harusi kavua viatu. Na hakuna aliyegeuka kumtazama mpiga besi. Hata mmoja. Walikuwa wanacheza.

Miaka tisa nilidhani hawanisikii.

Mzee Pazi hakuwa na haja ya kutangaza, lakini katangaza.

Jumapili, 16 Agosti

Sijatoka ndani. Namchukia Kassimu. Najichukia zaidi.

Tatu kaleta uji. Kasema, "Baba Zuhura, jana kule harusini, nilipokuwa nje ya turubai na wanawake wenzangu, nilidhani ni wewe unapiga." Alitaka kunifariji. Heri angenizaba kofi.

Alhamisi, 27 Agosti

Basi la Dar ni saa nne. Saa mbili Kassimu kaja, begi mgongoni, gitaa mkononi. Kaniamkia, hakukaa. Wanabendi wanamwambia azichemshe nyuzi leo hii, kwa chumvi, zifae redio. Kasema hathubutu kabla hajaniuliza mimi.

Neno lilikuwa limeshafika mdomoni. Chemsha. Zingepoteza ile sauti nzito mbele ya mitambo ya redio, na mimi niko zangu huku. Nimelimeza.

Nimemwambia asizichemshe. Wala sabuni asiziguse. Kitambaa kikavu tu. Sauti iko kwenye ule mnato.

Kashukuru mara mbili, kaenda.

Bado namwonea wivu. Lakini mle mna jasho la vidole vyangu, sikutaka limwagwe na maji ya sufuria. Nimeisikia honi ya basi. Nimekwenda mashineni.