Swichi tatu zimekubali kuwa moja

Musoma, Alhamisi usiku

Hatimaye zimekubali. Swichi tatu za ofisini, zile zinazogawa mtandao kwenye kompyuta, sasa zinafanya kazi kama moja, na leo nimekula ugali wangu bila kuangalia simu.

Asubuhi, swichi ya tatu iligoma kujiunga na nyingine. Nikabadilisha kebo, nikaizima, nikaiwasha, wapi! Kumbe programu yake ilikuwa ya zamani kuliko za nyingine. Ikabidi niisasishe mtandao ukiwa umezimwa, huku watu waliotoka Murangi wako foleni wanasubiri hati zao. Niliogopa kweli. Umeme ungekatika pale katikati, swichi ingekufa kabisa…

Haukukatika.

Mama Bhoke wa masjala hakuamini. "We Magesa, unasemaga imepona, kesho yake tunakaa tu."

"Endelea kuchapa, mama," nikamwambia, nikachomoa kebo moja kati ya zile zinazounganisha swichi. Akashika kichwa. Lakini kompyuta yake haikukwama hata kidogo, mtandao ulipita kwenye kebo nyingine. Akacheka mpaka foleni nayo ikacheka.

Mzee wa kwanza alipotoka na hati yake alinipa mkono. Hakujua nimefanya nini. Nimefurahi hivyo hivyo.