Mizunguko ya Papa Kalonda

Jumatatu, 12 Novemba 2018
Chai, kisha mzunguko wa kukagua mashine. Zote zinaunguruma sawa. Mota mpya ya kompresa kubwa imetulia. Ya zamani iliunguzwa na radi mwezi jana. Meneja alisema wazi: ikiungua na hii, ghala hili la nyama hapa Midrand, Afrika Kusini, linafungwa. Wote nyumbani. Mimi nyumbani Tanga, na sitaki kurudi mikono mitupu.

Papa Kalonda, fundi mkuu wetu, Mkongo wa Lubumbashi, kamaliza kufunga kikinga radi. Waya wa kwenda ardhini ulizidi, akaukunja mizunguko mizuri kama kamba ya dukani. Anamwonyesha kila anayepita.

Jumanne, 13
Ile mizunguko hainipi raha. Radi ina haraka. Waya ukiwa mrefu na umejikunja, inakwama, inaingia kwenye mota. Unatakiwa mfupi, ulionyooka.

Nimwambieje? Yeye ndiye aliyenifundisha kazi. Umri wa baba yangu. Nimemeza maneno. Mwoga mimi.

Jumatano, 14
Alasiri wingu jeusi upande wa Joburg. Ngurumo ya kwanza tu, nikashusha swichi kubwa. Mashine zote kimya mpaka mvua ikaisha. Vyumba vya baridi vikaanza kupata joto.

Meneja kanifokea mbele ya watu: kikinga kipo, unaogopa nini? Nikirudia, kazi sina. Wasichana wa kufungasha sasa wananiita Mama Radi. Eish! Sikumtaja mzee. Hasira mpaka machozi.

Alhamisi, 15
Asubuhi Papa Kalonda hakunisalimia. Jioni akanifuata. "Mutoto, miye ndiye nilikufundisha. Ulizima juu ya nini?"

Nikamweleza sababu yote, macho chini. Akaenda zake. Basi, nimempoteza.

Ijumaa, 16
Waya nimeukuta umekatwa. Mfupi, umenyooka. Ile mizunguko iko kwenye pipa la vyuma chakavu.

Mchana radi tena. Moja karibu kabisa, taa zikacheza. Mkono wangu ukaenda kwenye swichi. Papa Kalonda akaushika, akatikisa kichwa. Tukasimama hivyo. Mota haikusita.

Mvua ilipopita akamwita meneja, akafungua kasha la kikinga, akamwonyesha pale alipokata. Kwa Kiingereza chake cha tabu, wasichana wote wakisikia, akasema kosa lilikuwa lake, na juzi mota aliiokoa huyu.

Sikujua nitazame wapi. Nikaenda kuosha vikombe, chake na changu.