Mwalimu Damari na Koplo wa Burma

Mwalimu wangu Damari,

Nakuandikia nikiwa nimeketi kwenye meza yako, ile yenye mguu mmoja mfupi. Usinisahihishe bado. Nikisahau alama ya mkato, niache kwanza niseme niliyo nayo moyoni.

Huu ni mwezi wa nane tangu homa ikuchukue. Darasa la wasichana nimepewa mimi, Hawayu, yule uliyemwambia kwamba mwandiko wake ni kama kuku aliyekanyaga wino. Asubuhi ya kwanza nilipoingia, watoto walisimama wote kwa pamoja, nami nikageuka kutazama nyuma nione ni nani anayekuja. Nilidhani ni wewe. Wakacheka. Mimi pia nikacheka, halafu ikabidi niandike tarehe ubaoni polepole sana, mgongo wangu kwao.

Unakumbuka ulivyofika kwetu? Vita Vikuu vya Pili vilikuwa vimekwisha tangu miaka mitano. Ulishuka kwenye mtumbwi kutoka Garsen, mwanamke wa Ribe usiyejua kuogelea, viatu umevining'iniza shingoni. Wavulana walikuwa wakisoma tayari. Sisi wasichana kazi yetu ilikuwa kuamia mpunga, kuwafukuza ndege kwa kelele, na sauti tulikuwa nazo! Ukawakusanya wazee mbele ya kanisa, ukawaeleza ulichosoma kwenye gazeti la misheni: kwamba huko Japani, wakati watu walipoona msichana hana haja ya kitabu, mwanamke mmoja alifungua shule ya wasichana kwenye nyumba ndogo, akaanza na wachache tu, na sasa wanawake wa kwao wanasoma mpaka elimu ya juu.

Hapo ndipo baba yangu aliposimama. Koplo Komora, na Kiswahili chake cha jeshini.

"Japani? Mimi napigana na Japani kule Burma! Japani napiga mimi risasi hapa!" Akapandisha kikoi kuonyesha kovu la pajani, akazidi kukipandisha mpaka kina mama wakatazama pembeni. "Hapana taka sikia habari ya mama yake!"

Nilitamani ardhi inimeze. Wewe hukutikisika. Ulimwuliza kwa upole, "Koplo, kwani walikuwa askari dhaifu?"

Baba alikasirika kana kwamba umemtukana yeye. "Dhaifu? Hodari kabisa! Nalala ndani ya matope siku tatu. Nasoma ramani kama padri nasoma Biblia!"

"Na nani aliwaanzisha kusoma wangali wadogo, kama si mama zao nyumbani?"

Baba akashusha kikoi. Akaketi. Jioni ile hakula, alikuwa akijisugua paja na kusema peke yake, "Kumbe ni mama. Kumbe ni mama." Kulipokucha akanitembeza hadi mlangoni pako, kushoto, kulia, kushoto, kulia, akakupigia saluti: "Afande! Huyu hapa. Fanya yeye kama Japani."

Tulikuwa wasichana wanne. Ulituonya kwamba atakayechelewa atakutana na kiboko. Tukakujibu kwa heshima, "Ndiyo, Mwalimu, tunakutana naye kila asubuhi, anapenda kulala pale tunapovukia." Ukauliza ni mkubwa kiasi gani. Tangu siku hiyo hukumwadhibu mtu kwa kuchelewa.

Lakini mtihani wa darasa la nne, uliofanyiwa Garsen, ndio nisiousahau. Mto ulifurika, njia ya Garsen ikawa maji matupu, na mzee mmoja akasema ni ishara kwamba nitulie niolewe. Jamaa zake walikuwa wamekwisha kuja mara mbili kunitazama, na baba alianza kuyumba, niliona. Ukaja nyumbani ukiwa umelowa hadi kiunoni, ukasema, "Koplo, huko Burma mlisimama kwa sababu ya maji?" Hilo tu.

Basi tukaingia mtumbwini sisi watatu. Wewe ulijifunga kwa leso kwenye ubao wa kukalia, macho umeyafumba, ukaimba tenzi zote unazozijua na mbili ulizozitunga papo hapo kwa hofu. Baba aliushika upondo wa kusukumia mtumbwi akipiga kelele, "Adui kulia! Lala chini!" Kila mara adui alikuwa gogo. Mara ya mwisho gogo likafungua macho, likazama. Ukaacha kuimba. Ukafumbua jicho moja, ukaniuliza, "Hawayu, saba mara nane?" Nikajibu hamsini na sita. Ukasema, "Tena, kwa sauti!" Nikapiga kelele hamsini na sita hadi tulipoona mabati ya Garsen.

Nilifanya mtihani ule nikiwa nachuruzika maji. Nilipita, Mwalimu. Nilikuambia asante? Nimejaribu kukumbuka, siipati siku niliyosema.

Barua ya kifo chako ilinifikia chuo cha ualimu baada ya mazishi. Wamenisimulia kwamba baba alivaa koti lake la jeshi katika jua lile, akasimama wima kando ya kaburi mpaka watu wote wakaondoka. Mama alirudi kumchukua kwa mkono. Hakutaka kusema neno siku mbili.

Sasa anasema mno. Anapita nyumba hadi nyumba kutafuta wasichana wa kusoma, na yule mama wa Japani anazidi kukua kinywani mwake. Juzi nilisikia kwamba alikuwa na farasi, na kwamba yeye ndiye aliyemfundisha jenerali wao kuhesabu. Nilimwambia hayo hayakuwamo kwenye gazeti. Akaniambia, "Wewe nasoma gazeti. Mimi nafika Burma." Nikamwacha aendelee, kwa maana wasichana ni thelathini na mmoja, na madawati yanatosha kumi na wawili.

Wiki hii nilivuka kwenda kwa Waorma, ng'ombe wao wamekaa karibu kwa sababu ya majani. Kuna binti huko, Dhaki, anayehesabu ng'ombe wanaokunywa maji bila kukosea hata mmoja. Mama yake alinisikiliza hadi mwisho, kisha akanivuta kando, akaniuliza kwa sauti ya chini kama yeye mwenyewe ni mzee mno kwa kusoma, na kama nampiga mtu mzima anapokosea.

Nimemwambia aje, na nikamwahidi sitampiga. Nawe nakuahidi hili: wakihama na ng'ombe wao, nami nitahama nao kwa muda, nikiwa na ubao mgongoni, mpaka mama na binti wote wawili waandike majina yao.

Lala salama, Mwalimu. Asante. Nimeisema sasa, tena kwa sauti. Watoto wamegeuka kunitazama.

Mwanafunzi wako,
Hawayu binti Komora