Hedifoni za Baba

Kaka yangu Shigeru,

Hatujambo, na matufaha uliyotuma kutoka Sapporo yamefika salama.

Jumamosi nilimpeleka Baba kwenye maduka ya Akihabara kununua hedifoni na amplifaya. Unamjua, hakubali kuuziwa jina. Zile ghali alizisukuma pembeni. Muuzaji akamvalisha za bei nafuu, akachomeka waya kwenye amplifaya ndogo. Baba akafumba macho, kichwa kinafuata mdundo.

“Hizi ndizo,” akasema. “Besi imetulia, na bei haiumi.”

Muuzaji akanitazama. Alikuwa bado hajaiwasha amplifaya.

Nililipa, tukaondoka. 

Kaka, Baba bado anaendesha basi la chekechea, na watoto ishirini nyuma yake. Leo nimeificha leseni yake ndani ya debe la mchele, naye ameitafuta asubuhi nzima. Nikimwambia mimi, atasema namzeesha. Wewe ndiye mwanawe wa kwanza. Neno lako hulipima.

Ila usimpigie simu. Zile “ndiyo, ndiyo” anazokujibu kila Jumapili, sasa nimejua anajibu bila kusikia neno. Panda ndege, mchele unakaribia kwisha.

Mdogo wako,
Mitsue